Jicho la elektroni halioni kisichofikishwa: Funzo la polio kutoka Kakuma

SEPTEMBA mwaka 2024, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba virusi vya polio vya aina ya pili vilikuwa vimegunduliwa nchini Kenya mara tano: mara nne katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kaunti ya Turkana, na mara moja katika maji-taka ya Kamukunji, Nairobi. Kuanzia Oktoba 2 mwaka huo, kampeni ya chanjo ya siku tano iliwalenga watoto milioni 3.8 wa chini ya umri wa miaka mitano katika kaunti tisa, Turkana ikiwamo.

Kwa wasomaji wengi, habari hiyo ilikuja ikapita. Hapakuwa na maiti barabarani wala hospitali zilizofurika. Hata hivyo, nyuma ya taarifa hiyo fupi kuna msafara mrefu unaoanzia katika choo cha mtoto kambini, hupitia kisanduku cha barafu, barabara na viwanja vya ndege, huingia katika maabara za Nairobi, na hatimaye hufungamana na kazi ya wanasayansi wa Ulaya na Marekani walioviona virusi vya polio chembe kwa chembe kwa hadubini za elektroni.

Msafara huo ndio unaostahili kuchunguzwa leo. Elimu ya kuviona viini vya maradhi imepiga hatua ambazo mababu zetu wasingeziota. Swali ni je, mtoto wa mfugaji anayehama na mifugo kati ya Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini amesogezewa elimu hiyo karibu, au bado anaisikia kwa mbali kama radi isiyoleta mvua?

Kakuma na mlango wa kaskazini

Kakuma ipo yapata kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, kando ya barabara inayoelekea Sudan Kusini. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliotoroka vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, inahifadhi watu wapatao 300,000 kutoka mataifa mengi. Mpaka wenyewe si ukuta. Waturuka­na, Watoposa na Wanyangatom wamekuwa wakivuka kutafuta malisho tangu kabla ya serikali yoyote kuuchora.

Maradhi nayo huvuka kwa njia iyo hiyo. Mwaka 2009, virusi vya polio ya asili viliingia Turkana kutoka upande wa Sudan, na Kenya ikathibitisha visa 19. Kwa hivyo, kilichotokea mwaka 2024 si ajali ya mara moja. Mlango ni ule ule, ila safari hii mgeni alikuwa tofauti.

Polio ya asili ya aina ya pili ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2015. Kwa sababu hiyo, Aprili 2016 mataifa yaliondoa kinga ya aina hiyo katika chanjo ya matone ya kila siku. Hesabu ilionekana sahihi. Lakini matone hayo yana virusi hai vilivyodhoofishwa, na katika jamii ambamo watoto wengi hawajachanjwa, virusi hivyo huweza kuzunguka kutoka choo hadi mdomo, mwezi baada ya mwezi, vikibadilika polepole hadi vikarejewa na nguvu ya kulemaza. Hivyo ndivyo virusi vilivyogunduliwa Kakuma.

Ikumbukwe kwamba kosa hapa si la chanjo. Chanjo ndiyo iliyoiwezesha Afrika kutangazwa huru dhidi ya polio ya asili Agosti 2020. Kosa ni mapengo: watoto wasiofikiwa, maji machafu, vyoo haba. Penye kinga kamili virusi vilivyodhoofishwa hufa kimya kimya; penye pengo hupata shule ya kujifunza ukatili.

Safari ya sampuli

Mtoto anapopooza mguu au mkono kwa ghafla, saa huanza kuhesabiwa. Sampuli mbili za choo hutakiwa kuchukuliwa, zikipishana kwa saa 24 au zaidi, kabla ya siku 14 kupita tangu kupooza kuanze. Baada ya hapo virusi hupungua na ushahidi hufifia. Sampuli huwekwa katika kisanduku chenye barafu, joto lisizidi nyuzi 8, na zinapaswa kufika maabarani katika muda wa saa 72.

Maabara yenyewe ipo Nairobi, katika Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), ambayo pia hupokea sampuli kutoka Somalia. Kutoka Lodwar hadi huko ni takriban kilomita 700. Mchana wa Turkana joto huzidi nyuzi 35, na barafu haijui kusubiri gari lililoharibika.

Maabarani, virusi huoteshwa ndani ya seli, hutambuliwa aina yake, kisha mpangilio wa vinasaba vyake husomwa. Wataalamu hutazama sehemu moja ya herufi takriban 900 inayobeba maelekezo ya protini kuu ya ganda la kirusi. Kwa aina ya pili, tofauti za herufi 6 au zaidi kutoka kwa kirusi cha chanjo humaanisha kwamba kirusi hicho si mtoto mtiifu wa chanjo tena. Wingi wa tofauti hizo pia huwawezesha kukadiria virusi vimezunguka kwa muda gani bila kuonekana.

Hapo ndipo penye uchungu. Wengi wa wanaoambukizwa polio hawaonyeshi dalili yoyote. Mtoto mmoja anapopooza, au kirusi kinapoonekana katika choo cha mtoto mmoja, inawezekana mamia wamekwisha kuambukizwa. Kila siku inayopotea njiani ni siku ambayo kirusi kinatembea na sisi tumeketi.

Kitu kidogo kuliko mwanga

Je, hadubini ya elektroni inaingia wapi katika kisa hiki? Ieleweke kwanza kwamba hadubini ya kawaida, ile inayotumia mwanga, ni chombo cha kuheshimiwa. Katika hospitali na zahanati za Turkana ndiyo inayofichua vimelea vya malaria katika tone la damu, bakteria wa kifua kikuu katika makohozi, na vimelea vya kala-azar.

Hata hivyo, mwanga una mpaka wake. Kitu kilicho chini ya nanomita 200 hivi hauwezi kukipambanua. Kirusi cha polio kina upana wa nanomita 30 tu. Vingehitajika zaidi ya 30,000 vipangwe mstari mmoja ili kutimiza milimita moja. Kukitafuta kwa mwanga ni kama kupapasa mshono wa kikapu cha mkoma huku umevaa glavu nene: utajua kuna kikapu, lakini mshono hutauhisi.

Mwaka 1931 mjini Berlin, Ernst Ruska na Max Knoll waliunda chombo kilichotumia miale ya elektroni badala ya mwanga. Mawimbi ya elektroni ni mafupi maelfu ya mara kuliko ya mwanga, kwa hiyo huweza kuvipambanua vitu vidogo mno. Ruska alisubiri hadi mwaka 1986 kupewa Tuzo ya Nobel.

Kilichobaki kilikuwa kikwazo kigumu. Ndani ya hadubini hiyo hamna hewa, na miale yake huunguza. Chembe hai, ambayo sehemu kubwa ni maji, hukauka na kuharibika kabla ya kupigwa picha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Jacques Dubochet, mtaalamu kutoka Uswisi, na wenzake walipata dawa: utando mwembamba wa maji wenye virusi ugandishwe kwa kasi kiasi kwamba maji hayapati nafasi ya kujipanga kuwa barafu ya kawaida, bali hugeuka kama kioo. Kirusi hubaki ndani yake katika umbo lake halisi.

Joachim Frank naye alibuni hesabu za kukusanya maelfu ya picha hafifu na kuzifanya picha moja iliyo wazi. Richard Henderson alionyesha mwaka 1990 kwamba protini ingeweza kuonekana kwa njia ya elektroni hadi kiwango cha atomi. Watatu hao walitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 2017.

Picha zinapogeuka kinga

Mtu aweza kuuliza: picha zimsaidie nini mgonjwa? Jibu limo katika historia. Mwaka 1973 mjini Melbourne, Ruth Bishop na wenzake walitazama kwa hadubini ya elektroni vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliokuwa wakiharisha bila sababu iliyojulikana. Waliona virusi vya duara, ambavyo baadaye viliitwa rota kwa kufanana na gurudumu. Kutokana na ugunduzi huo zikaja chanjo, na tangu Julai 2014 watoto wa Kenya huipata bila malipo. Mama wa Kakuma ambaye mwanawe hakuharisha hadi kufa ana deni kwa picha ile, ingawa hajawahi kuisikia.

Kisa cha karibu zaidi ni cha Uviko-19. Mpangilio wa vinasaba vya virusi hivyo ulitangazwa Januari 2020. Kufikia Februari, watafiti wa Marekani walikuwa wamekwisha kuchapisha umbo la mwiba wake kwa kutumia hadubini ya elektroni ya baridi kali. Waliokuwa wakitengeneza chanjo hawakubahatisha gizani. Walijua ni sehemu gani ya adui ya kulenga.

Turudi kwa polio. Mwaka 1985 James Hogle na wenzake, kwa kutumia miale ya eksirei, walionyesha jinsi ganda la kirusi cha polio lilivyojengwa: vipande 60 vinavyofanana, kila kimoja kikiwa na protini nne, vimeshonwa kuwa mpira. Mwaka 2000 hadubini ya elektroni ikaonyesha kirusi hicho kikiwa kimeshikana na kipokezi cha seli ya binadamu, ambacho huingia katika bonde lililo juu ya ganda kama ufunguo katika tundu la kufuli.

Haki isemwe: chanjo mpya ya matone iliyotumika Kakuma mwaka 2024 haikutokana na picha hizo. Hiyo, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiidhinisha kwa matumizi ya dharura Novemba 2020, ilitokana na kufahamu jinsi uzi wa vinasaba vya kirusi unavyojikunja, kisha kuufunga ili usirejee ukatili kwa urahisi. Ni salama zaidi kuliko ile ya zamani, lakini si kinga ya asilimia mia. Mwaka 2023 ilibainika kwamba nchini Burundi na mashariki mwa Kongo, chanjo hiyo nayo ilikuwa imezaa virusi vilivyobadilika, ijapokuwa kwa nadra.

Hatua inayofuata ndiyo inayotegemea jicho la elektroni. Watafiti, wakiwamo wa vyuo vikuu vya Leeds na Oxford nchini Uingereza, wanaunda ganda tupu la polio: mpira wenye sura ya kirusi lakini usio na vinasaba ndani. Kitu kisicho na vinasaba hakiwezi kuzaliana, wala kubadilika, wala kumlemaza mtu.

Tatizo lao limekuwa joto. Ganda tupu likipata joto hupoteza umbo lake, na mwili ukifunzwa kwa umbo lililoharibika hautamtambua adui wa kweli. Ndiyo maana wanasayansi hubadilisha viungo vichache vya protini ili ganda liimarike, kisha huligandisha na kulipiga picha kuhakikisha kwamba umbo limebaki lile lile. Hakuna mahali ambapo kazi hiyo ina maana zaidi kuliko Lodwar, ambako joto ni mkazi wa kudumu na jokofu ni mgeni.

Themosi ya Yambuku na maabara ya Kabete

Hata hivyo, hadubini yoyote, iwe na thamani ya mamilioni ya dola, haioni kisichofikishwa mbele yake. Afrika ya Mashariki na Kati inalijua hilo kwa machungu.

Mwaka 1976 homa ya ajabu iliwaua watu Yambuku, nchini Zaire ya wakati huo. Damu ya mgonjwa ilisafirishwa hadi Antwerp, Ubelgiji, katika themosi ya kawaida, ndani ya ndege ya abiria. Ilipofunguliwa, barafu ilikuwa imeyeyuka na chupa moja kupasuka. Kilichosalimika kilitosha: hadubini ya elektroni ilionyesha virusi virefu kama mnyoo, vilivyofanana na vya Marburg. Ulimwengu ukaijua Ebola. Lau chupa zote zingepasuka, utambuzi ungechelewa na makaburi yangeongezeka.

Wapo watakaosema mitambo ya aina hiyo si ya nchi zetu. Historia yawakanusha. Mwaka 1973 ilianzishwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi, maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo iliyoitwa ILRAD. Don Fawcett, mmoja wa mabingwa wakubwa wa hadubini ya elektroni duniani, alipostaafu Chuo Kikuu cha Harvard hakwenda kupumzika, bali alikuja Kabete, akafanya kazi kwa miaka mitano hivi kuanzia 1980. Huko alichunguza kimelea cha Theileria, kinachosababisha ugonjwa wa ng'ombe wa Pwani ya Mashariki, ndani ya tezi za mate za kupe.

Kwa hiyo jicho la elektroni lilikwisha kutua Kenya, tena kwa ajili ya ng'ombe. Taasisi hiyo iliunganishwa na nyingine katikati ya miaka ya 1990, ikawa ILRI ya leo. Funzo lake ni kwamba uwezo haukosekani kwa sababu ya ardhi au rangi ya watu. Hukosekana pale ambapo hakuna aliyeamua kuulipia na kuwafunza vijana wa kuuendeleza.

Fedha zinapokauka

Uamuzi huo sasa umekuwa wa lazima. Januari 2025 Marekani ilitangaza kujiondoa WHO, na Julai mosi mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Mwaka uo huo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi wa Kakuma na Dadaab hadi viwango vya chini mno, na malalamiko yakazuka kambini.

Baadhi watasema: watu wana njaa, nanyi mwazungumza habari za elektroni? Hoja hiyo ina uzito lakini haijakamilika. Mtoto mwenye utapiamlo na tumbo lililojaa viini hupata kinga hafifu kutokana na chanjo ya matone. Familia iliyokosa mgao huhama, nayo hutoweka katika daftari la mhudumu wa afya. Njaa, maji machafu na virusi ni ndugu wa nyumba moja. Huwezi kumfukuza mmoja ukawakaribisha wengine.

Wala hakuna anayependekeza Lodwar inunuliwe hadubini ya elektroni kesho. Chombo hicho hutaka umeme usiotikisika, nitrojeni ya kimiminika na mafundi wa kudumu, ilhali kwa miaka mingi Lodwar imetegemea jenereta za dizeli huku bwawa la Turkwel, lililo katika eneo hilo hilo, likipeleka umeme wake katika gridi ya taifa. Kununua mtambo bila vitu hivyo ni kununua tandiko kabla ya ngamia.

Kinachotakiwa ni mambo ya kawaida yanayoweza kupimwa. Kwanza, mhudumu wa afya ya jamii alipwe kwa wakati, kwa maana yeye ndiye hadubini ya kwanza: ndiye anayemwona mtoto aliyeanza kuburura mguu. Pili, majokofu ya nishati ya jua na usafiri wa sampuli viwekwe katika bajeti ya kaunti na ya taifa, visiachwe mikononi mwa wafadhili pekee. Tatu, maji-taka ya Kakuma na Lodwar yapimwe mara kwa mara kama yanavyopimwa ya Nairobi, kwa sababu Kamukunji ilithibitisha kwamba mfereji husema kabla mtoto hajapooza.

Nne, na hili ndilo husahauliwa, wawepo vijana wa Turkana katika elimu yenyewe. Lodwar ina chuo kikuu kishiriki tangu mwaka 2017, na ina chuo cha mafunzo ya utabibu. Picha zinazopigwa na hadubini kubwa husafiri kwa intaneti. Kuzichambua huhitaji kompyuta na ubongo uliofunzwa, si lazima kukaa chumba kimoja na mtambo. Msichana aliyesoma Kakuma anaweza kuchambua umbo la kirusi kilichotoka katika kijiji chake, akipewa nafasi.

Bila hayo, mpango utabaki ule ule wa themosi: sampuli huondoka, elimu hukaa ugenini, na jibu hurudi kama matone mawili mdomoni mwa mtoto, kwa hisani ya mwingine. Hisani hiyo imeokoa maisha, na mgala muue na haki yake mpe. Lakini mwaka 2025 umetuonyesha kwamba hisani huweza kufungwa kwa saini moja.

Mwaka 2024 kirusi cha Kakuma kilionekana kwa sababu kila kiungo cha mnyororo kilishika: mtu aliyechukua sampuli, barafu iliyodumu, gari lililofika, maabara iliyofanya kazi. Kikikatika kimoja, ukimya utakaofuata haupaswi kusomwa kama habari njema. Utakuwa ukimya wa jicho lililofumbwa, huku mguu wa mtoto fulani wa Turkana ukinyong'onyea polepole, na siku kumi na nne zikiyoyoma.